Fundi wa Kushangilia

Isaac Juma, mshangiliaji wa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, aliuawa nyumbani kwake Mumias usiku wa tarehe 26 Januari 2022. Wiki hiyo Afrika ilikuwa ikitazama Cameroon, ambako Kombe la Mataifa lilikuwa limefika hatua ya kumi na sita bora, na Kenya haikuwamo. Habari zilitaja ugomvi wa shamba. Hayo ni ya polisi na mahakama, nami nitayaacha hapo. Kilichonishikisha kalamu ni rambirambi. Waliomlilia walikuwa wengi, wakiwemo mashabiki wa timu ambazo maisha yake yote aliziombea zifungwe, na karibu kila mmoja alimsifu kwa jambo moja, yaani mapenzi. Aliipenda Harambee Stars, aliipenda Ingwe, yaani AFC Leopards, aliupenda mpira.

Ni kweli, ila naona ni sifa ndogo. Mapenzi ya mpira anayo pia yule anayetazama mechi sebuleni, miguu juu ya meza, akibadilisha stesheni timu yake ikifungwa. Mapenzi peke yake hayamfundishi mtu namna ya kuliamsha jukwaa lililolala dakika ya sabini, timu ikiwa nyuma kwa mabao mawili na mvua imeanza kutonya. Juma alijua. Alikuwa na kazi kama seremala alivyo na kazi. Kazi hiyo ilikuwa na vifaa vyake na saa zake, na ilikuwa na makosa ambayo mwanagenzi huyafanya na fundi hayafanyi. Tumezoea kumwita mtu wa namna hii kichekesho cha uwanjani, tukampiga picha, tukampa nauli ya kurudi kwao na kumsahau hadi mechi nyingine. Mimi nataka kuisifu kazi yenyewe.

Nianze na viwanja vya Nairobi, maana ndivyo vilivyomfinyanga. Kasarani ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na Nyayo ulikuwa umefunguliwa miaka minne kabla ya hapo. Vyote viwili vimezungukwa na njia za riadha. Sisi ni taifa la wakimbiaji na medali zetu zimetoka huko, kwa hiyo sina ugomvi na waliovichora. Lakini gharama amelipa shabiki wa mpira. Kati ya kiti cha mbele kabisa na mstari wa pembeni pamelala njia za kukimbilia, shimo la mchanga la warukaji na kipande kingine cha nyasi juu ya hapo. Winga anapopokea pasi karibu na kibendera cha kona, haoni uso wa mtu hata mmoja jukwaani. Anaona ukuta wa vichwa. Kelele nazo humfikia zimepungua makali, maneno yameshadondoka njiani, kilichobaki ni mvumo tu.

Katika uwanja wa namna hiyo ukitaka mchezaji akuone, huwezi kuwa mtu wa kawaida aliyevaa fulana na kupunga mkono. Mkono hauonekani. Unatakiwa uugeuze mwili mzima kuwa kitu kimoja kinachosomeka kutoka mbali, na hapo ndipo mtindo wa Juma unapoeleweka. Kifua wazi, mwili umepakwa rangi kutoka usoni hadi miguuni, mchezo wa kiuno na magoti badala ya vidole na mabega. Wanaochora mabango ya barabarani wanaijua hesabu hiyo ya rangi chache, maumbo makubwa na kutopamba ovyo. Wengine walimwona mtu asiyejua haya. Mimi nilimwona mtu aliyekuwa ameupima uwanja.

Rangi ilikuwa nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe siku ya timu ya taifa, na buluu na nyeupe siku ya Leopards. Kujipaka mwili kuna taabu isiyoonekana katika picha. Shughuli huanza mapema sana kabla ya mechi, na mgongo hauwezi kujipaka wenyewe. Lazima awepo mtu wa kukupaka, na mtu huyo awe na mkono uliotulia. Rangi ya kwanza isipokauka vizuri, ya pili inaivuruga na bendera ya taifa inageuka tope. Ukishapakwa huwezi kuegemea kiti cha matatu, wala mtu hawezi kukukumbatia bila kuondoka na nusu ya kazi yako kwenye shati lake. Jua la saa nane huikausha rangi hadi ngozi ikaanza kuvutwa. Ukianza kucheza, jasho huipasua kwenye viwiko na kwenye mikunjo ya tumbo, na ikifika mapumziko umeanza kubanduka kama ukuta wa zamani. Halafu jioni ya Julai inaingia na baridi ya Nairobi, wewe huna shati.

Hayo yote ni usumbufu tu. Jambo kubwa kuhusu rangi ni kwamba haivuliki. Fulana ya timu ina njia ya kutokea. Nimeketi Nyayo mara nyingi na kuona, timu ikishafungwa, jinsi zipu za jaketi zinavyopanda hadi kidevuni watu wakishuka ngazi; kufika barabarani hakuna anayejua nani alikuwa shabiki wa nani. Mtu aliyejipaka hana jaketi la kumficha. Anatoka na kipigo chake mwilini. Anakutana na makanga wa matatu ambao tayari wanajua matokeo na wamekwisha kutunga utani. Kama kwao ni Mumias, mbele yake iko safari ya karibu kilomita 400, na asubuhi stendi watu watamsalimu kwa idadi ya mabao. Kwa hiyo mwenye rangi huyapokea matokeo kabla mpira haujaanza, yawe yoyote yale. Naamini wachezaji waliliona hilo hata kama hawakulisema. Ukitazama kando ya uwanja ukamwona mtu ambaye hawezi kukukana jioni, unapata habari fulani kuhusu mchezo unaoucheza.

Chombo kingine kilikuwa ngoma, ingawa mpigaji si lazima awe yeye. Isukuti ni ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, na kwa miaka mingi imevuka mipaka yao ikawa mlio wa Ingwe popote inapocheza. Hupigwa tatu kwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, zikisindikizwa na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Uzuri wake kwa mshangiliaji ni kwamba hahitaji kumfundisha mtu. Isukuti hupigwa mtoto akizaliwa, hupigwa jandoni na harusini, na hupigwa mazishini. Mtu wa magharibi mwa Kenya anayeketi jukwaani anayo tayari mwilini, amelala nayo utotoni. Kinachotakiwa ni kumwonyesha wakati.

Na wakati ndio ufundi wenyewe. Mpira una pumzi zake. Timu inapomiliki mpira nyuma, beki akimrudishia kipa, kipa akimpa beki mwingine, ngoma inatakiwa itembee tu, ikae chini, isimtie mtu wazimu. Mpira ukivuka mstari wa kati, ngoma ndogo inaanza kuchokoza. Kona ikipatikana, hapo yote yanapanda, na mchezaji wa ngoma anajua kwamba ana sekunde kama ishirini, tangu mpira uwekwe kwenye pembe hadi upigwe. Akiipandisha haraka mno, jukwaa linafika kileleni mpira bado uko mkononi mwa mpigaji wa kona, na pumzi inakata kabla ya kichwa kupigwa. Akichelewa, watu wanashangilia kona iliyokwisha kuokolewa. Wanagenzi hukosea hapo kila mara. Wanadhani kazi ni kupiga kelele kwa dakika tisini, na kufikia nusu saa ya kwanza wameishiwa sauti na kiwanja kizima kimeshawazoea.

Kuna ugumu mwingine ambao nauonea huruma. Anayeongoza kushangilia haoni mechi. Ameupa mpira mgongo ili awatazame watu, na anaifuata mechi kwenye nyuso zao. Macho ya jukwaa yakifunguka ghafla anajua mshambuliaji amebaki na kipa. Midomo ikifungwa anajua mpira wa adhabu umetolewa upande mbaya. Bao la timu yake mwenyewe huliona mwisho kuliko wote, tena baada ya kuusikia mlio wake. Juma alikuwa mcheza ngoma wa pembeni zaidi kuliko kondakta wa jukwaa, na bila shaka alipata kuona zaidi kidogo kuliko makondakta hao. Hata hivyo ni mechi ngapi katika maisha yake alizozitazama kwa utulivu, ameketi, akifuata jinsi kiungo anavyojiweka? Tunasema shabiki namba moja ndiye anayefaidi mpira kuliko sote. Nadhani ndiye anayeutoa zaidi.

Nitie neno hapa kuhusu vuvuzela, kwa kuwa nimeinyamazia muda mrefu. Ilipofagia viwanja vya Afrika baada ya Kombe la Dunia la 2010, ilituachia uwanja usiosikilizana. Vuvuzela ina noti moja. Haiwezi kuuliza, haiwezi kujibu, haijui kona wala penalti. Inalia vilevile timu ikishambulia na ikishambuliwa. Ngoma inazungumza na mchezo na mcheza ngoma anaitikia, lakini vuvuzela inamziba kila mtu masikio na kumwacha peke yake katikati ya watu elfu thelathini. Kama ningepewa siku moja ya kutunga sheria viwanjani, ningeanza na hiyo.

Sasa ile saa ngumu. Timu yenu imefungwa bao. Upande wa pili unaruka, upande wenu umekufa ganzi, na kwa muda mfupi sana hakuna anayejua jukwaa litageuka nini. Linaweza kugeuka matusi kwa kipa. Linaweza kugeuka chupa. Linaweza kukaa kimya hadi mwisho, na kimya hicho mchezaji hukihisi kuliko matusi. Fundi ana sekunde chache hapo, na kumbuka kwamba na yeye ameumia. Akiruka mara moja kwa furaha ya uongo, watu watamchukia, maana anawadharau katika uchungu wao. Lazima awaache waumie kidogo, halafu aanze chini kabisa, kwa mguu mmoja, kwa ngoma ndogo peke yake, kana kwamba anajichezea mwenyewe pembeni. Mtu mmoja anacheka. Wa pili anamtania wa tatu. Baada ya dakika tano jukwaa limerudi bila kujua nani alilirudisha. Mwili wa Juma ulifaa kazi hiyo kwa sababu ulichekesha. Mtu mzima, umri umesogea, rangi imeanza kubanduka, anakata kiuno mbele ya askari wa kutuliza ghasia aliyekaza uso: hasira gani itakayostahimili hapo?

Ndiyo maana nasema kuchekesha kwake kusidharauliwe. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards tunaiita Debi ya Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana hadi hakuna ukoo usio na shemeji upande wa pili. Utani wake ni mtamu, samaki wa Waluo na kuku wa Waluhya, jogoo ambaye leo atachinjwa na kesho atawika. Lakini tunajua pia kwamba utani huo una ncha. Machi 2012 debi ya Nyayo ilisimama kwa vurugu na viti viking'olewa, na tunaishi katika nchi ambayo makabila yake yamewahi kupelekwa kubaya zaidi ya uwanjani. Mtu anayeweza kutembea mbele ya jukwaa la wapinzani akiwa na rangi za upande wake, akazomewa, akajibu kwa kiuno, na kuzomewa kukageuka vicheko, mtu huyo anafanya kazi ambayo kamati za amani hupewa bajeti kuifanya. Yeye alipewa soda.

Na hapa ndipo pesa inapoingia, penda usipende. Ushangiliaji wa namna hii ni ajira bila mwajiri. Wadhamini hupenda picha yake. Televisheni humfuata kwa kamera kabla ya mechi kwa sababu jukwaa tupu halivutii. Waziri akija uwanjani hupenda kusimama naye. Mchezaji wa timu ya taifa ana posho, na ikicheleweshwa, kama ilivyocheleweshwa mara nyingi, angalau lipo deni la kudai. Mshangiliaji hadai chochote kwa sababu hakuna aliyemwajiri. Nauli inatoka kwa msamaria, chakula kwa anayemjua, malazi popote. City Stadium ya Nairobi imepewa jina la mchezaji Joe Kadenge, nasi sote tulikubali bila kubisha, kwani Kadenge alikuwa Kadenge. Lakini jukwaa lake la bei ya chini watu waliliita Russia miaka na miaka, na ndilo lililotoa washangiliaji wetu wote wa maana. Hakuna jina la mtu hata mmoja aliyelichezea ngoma.

Wenzake Juma katika kazi hii walitawanyika duniani, na wawili kati yao wamekufa katika miaka ya karibuni. Manuel Cáceres, Mhispania ambaye dunia nzima ilimjua kama Manolo el del Bombo, alifariki tarehe 1 Mei 2025 akiwa na umri wa miaka 76. Kofia yake ilikuwa bereti kubwa kama sinia, jezi yake ilikuwa na nambari 12, na tumboni alibeba ngoma. Mwaka 1982, Kombe la Dunia likichezwa Hispania, alizunguka nchi nzima kwa kuomba lifti ili afike kila mechi ya timu yake. Kuanzia hapo hadi Urusi 2018 hakukosa Kombe la Dunia hata moja, yakawa kumi. Alikuwa na baa Valencia, karibu na uwanja wa Mestalla. Alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1987 alirudi safarini akakuta mke na watoto wameondoka. Watu huisimulia habari hiyo kama mapambo ya hadithi ya shabiki sugu. Mimi huisoma kama ajali ya kazini.

Mbrazili Clóvis Acosta Fernandes alitangulia, Septemba 2015. Yeye alikuwa mtu wa kuonekana: kofia pana ya wachunga ng'ombe wa kusini, masharubu, na mkononi nakala ya Kombe la Dunia aliyoikumbatia kama mjukuu. Tarehe 8 Julai 2014, pale Belo Horizonte, Ujerumani ilipoifunga Brazil mabao 7 kwa 1, kamera zilimpata amelibana kombe kifuani, macho mekundu. Picha hiyo ilizunguka dunia. Watu wachache wanakumbuka alichokifanya baadaye. Alilichukua kombe lake akampa binti wa Kijerumani aliyekuwa akishangilia upande wa pili. Katika miaka yote aliyoifuata Brazil, ikiwemo ile waliyotwaa ubingwa, sidhani kama alifanya kazi safi kuliko hiyo. Ushindi hushangiliwa na mtu yeyote. Wanawe wawili walikwenda Urusi 2018 wakiwa na kofia kama ya baba.

Nawaweka pamoja nijue tofauti. Manolo na Clóvis walibahatika kushabikia mataifa ambayo mwisho wa siku hulipa. Manolo aliiona Hispania ikitwaa Ulaya mara tatu na dunia mara moja, na Clóvis aliiona Brazil ya 1994 na ya 2002. Juma alikuwa na nini? Ubingwa wa ligi wa 1998 ndio wa mwisho wa Leopards alioushuhudia, kisha miaka zaidi ya ishirini ya kusema msimu ujao. Kwa timu ya taifa alikuwa na Tunisia 2004, ambako tuliifunga Burkina Faso baada ya kuwa tumeshatolewa. Alikuwa na Septemba 2018, Ghana ikilala 1–0 Kasarani kwa bao la kujifunga. Alikuwa na ule usiku wa Cairo mwaka 2019 tulipotoka nyuma mara mbili na kuwafunga majirani zetu Watanzania 3–2, mshambuliaji Olunga akimalizia dakika ya themanini. Siku chache baadaye Senegal wakatufunga matatu. Hiyo ndiyo orodha, na haijafupishwa sana. Ukimtaka mtu aliyebobea katika kuwachangamsha watu bila msaada wa matokeo, huwezi kumtafuta Brazil. Mtafute mahali penye ukame.

Hata alipokufa, mpira wetu ulikuwa kitandani. Serikali ilikuwa imelivunja shirikisho la soka Novemba 2021 na kuweka kamati ya muda, na tarehe 24 Februari 2022, kabla mwezi haujatimia tangu auawe, FIFA ikaifungia Kenya. Timu ya taifa ikakosa mechi za kucheza kwa muda uliobaki wa mwaka ule karibu wote. Wachezaji walioko ng'ambo walikuwa na klabu zao. Waamuzi, makocha na wauza jezi walilalamika, na walikuwa na haki. Mshangiliaji wa taifa lililofungiwa hana hata pa kulalamikia.

Kwa hiyo Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ilipochezwa hapa kwetu na kwa majirani zetu Tanzania na Uganda, nilikwenda Kasarani nikiwa na jicho la kutafuta. Ilikuwa mara yetu ya kwanza katika mashindano hayo na tuliyacheza kama wenyeji kweli. Tuliifunga Kongo 1–0, tukatoka sare na Angola, tukaifunga Morocco 1–0 tukiwa kumi, tukaifunga Zambia, hadi Madagascar walipotutoa kwa penalti katika robo fainali. Uwanja ulijaa hadi CAF, shirikisho la soka la Afrika, wakapunguza tiketi kwa sababu za usalama. Watu waliojipaka rangi walikuwepo, tena wengi, rangi zao nzuri kuliko za zamani, zimechorwa na wasanii wa kulipwa. Lakini kila mpira uliposimama, spika kubwa zilifunguliwa na DJ akaweka wimbo. Mapumziko wimbo, mabadiliko ya mchezaji wimbo, bao limeingia wimbo, tena ule wa bao ndio ulionikera zaidi, kwa sababu ulizima sauti ya watu katika dakika pekee ambayo sauti hiyo haihitaji kuongozwa. Ngoma zilikuwepo mahali fulani upande wa kushoto. Niliziona zikipigwa. Sikuzisikia. Na waliojipaka rangi, wengi wao, walikuwa wamezigeuzia kamera za simu nyuso zao wenyewe.

Nisije nikaonekana mzee anayelilia zamani: kazi hii haijafa, na ubunifu bado upo. Katika Kombe la Mataifa lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, Mkongo mmoja aliwashangaza wote. Alisimama wima juu ya kijukwaa, mkono wa kulia umeinuliwa, mfano wa sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Kinshasa, na akakaa hivyo mechi nzima bila kutikisika, huku wenzake wakiruka na kuimba kumzunguka. Kamera zilimtafuta kuliko wachezaji. Ukilifikiri vizuri, ni jibu la swali lile lile la Juma, mtu mmoja atasomekaje kutoka mbali. Juma alikwenda kwa mwendo, kwa kuwa katika miaka yake majukwaa yetu mara nyingi yalikuwa nusu tupu na yametulia. Mkongo alikuta jukwaa linalochemka kila upande, akaona kwamba ndani ya mchemko kitu kinachoonekana ni kisichotikisika. Wote wawili walisoma mazingira kwanza, ndipo wakachagua la kufanya na miili yao.

Mazingira yetu nayo yanabadilika. Uwanja wa Talanta, ulioanzishwa Nairobi kwa ajili ya Kombe la Mataifa la 2027 ambalo tutaliandaa na majirani wale wale wawili, Tanzania na Uganda, ni wa watu 60,000 na hauna njia ya riadha. Kwa mara ya kwanza Nairobi itakuwa na uwanja mkubwa uliochorwa kwa ajili ya mpira peke yake. Jukwaa litaanza hatua chache tu kutoka kwenye mstari. Ile ardhi tupu iliyomlazimu Juma kujigeuza bango, na ambayo pia ndiyo ilikuwa uwanja wake wa dansi, haitakuwepo. Kila mtu atakuwa na kiti chenye nambari, na wasimamizi watamwomba aketi. Rangi ya mwili mzima, iliyokuwa ikisomeka ng'ambo ya njia nane, pale itakuwa karibu mno, itapakaa kwa jirani. Lakini winga akija kurusha mpira atakuwa umbali wa sauti ya kawaida. Akiwa amepoteza krosi tatu mfululizo, atasikia kila neno atakaloambiwa na kila jina atakaloitwa, na atamwona aliyesema. Kwa watu waliozoea kupigania hata kuonekana, huo ni ufundi mpya kabisa, na mtu wa kuuanza sijamwona bado.